Atakayelipa Yuko Kwingine

Watu wa Mwala walimjua Jeremiah Nzioka kwa vitu alivyobeba kuliko kwa uso wake. Akionekana barabarani na mkokoteni wa punda, juu yake honi mbili za bati zenye midomo mipana, sanduku la amplifaya lililoviringishwa blanketi, na betri ya lori iliyokaa peke yake ndani ya karai ili asidi isiunguze kitu, walijua kuna mwanasiasa anakuja. Hawakumwuliza anakwenda wapi. Walimwuliza, "Ni nani leo?"

Ufundi ule alijifundisha mwenyewe. Shule aliiacha darasa la nne, ng'ombe wa baba yake walipokwisha katika ule ukame uliotangulia Uhuru, na mengine yote aliyapata katika vitabu vya redio alivyoazima kwa Mhindi mmoja mjini Machakos, akivisoma ukurasa mmoja kwa juma, kamusi gotini. Spika zake za kwanza alizinunua mbovu, akazifufua. Na kazi yake ya kwanza na spika hizo haikuwa ya mwanasiasa yeyote. Ilikuwa ya mwethya.

Vijana wa sasa mwethya wanausikia kwenye hotuba tu. Zamani zile ulikuwa jembe lako na jembe langu. Jumanne hii kijiji kizima kinachimba matuta shambani kwako ili udongo usiende na mvua, Jumanne ijayo kinahamia kwa jirani, mpaka kila boma limefikiwa, kisha mnaanza upya. Hakuna aliyelipwa. Asiyekuja, na asiyetuma mtu wala uji, alikuwa na adhabu moja tu: hakuambiwa tena. Kazi ikipangwa, yeye hapewi habari. Msiba ukitokea, atauona kwa moshi wa wapishi. Watu wazima walilia kwa adhabu hiyo.

Mwaka wa sabini na tatu mwethya uliamua kujenga zahanati, na Jeremiah ndiye aliyekuwa akipanda kilima alfajiri na honi zake kuita watu. Wanawake walibeba mawe kwa mgongo kutoka mtoni, kamba ya mzigo kipajini, wakiimba. Mutheu alikuwa mmojawapo, msichana mrefu aliyebeba jiwe kubwa kuliko alilopangiwa. Jeremiah alimwona kutoka kilimani na kumwita kwa jina kwenye spika, kijiji kizima kikisikia, naye Mutheu akaweka jiwe chini akajibu kwa kelele kwamba mwanamume wa kweli hushuka. Akashuka.

Siku hizo mtu akiugua, hakuna aliyeuliza nani atalipa. Waliuliza nani atashika upande wa kichwa. Kitanda cha kamba kiligeuzwa machela, wanaume wanane wakapokezana wanne wanne mpaka hospitali, na waliobaki wakamlimia mgonjwa shamba lake. Kisha miaka ikaja na maneno yake. Serikali ilisema wananchi wachangie gharama. Ile zahanati, ambayo kila jiwe lake lilipita juu ya mgongo wa mtu aliyejulikana kwa jina, ikatobolewa dirisha dogo lenye nondo, na nyuma ya nondo akakaa mtu wa kuuza kadi. Mutheu alipoliona dirisha lile mara ya kwanza alicheka. Alidhani ni la hewa.

Na Jeremiah naye alibadilika, ingawa yeye angekuambia ni dunia iliyobadilika. Vyama vingi vilipokuja, wanasiasa waliongezeka kama nzi wa msimu wa maembe, na kila mmoja alitaka kusikika mbali kuliko mwenzake. Mikutano ikawa mpaka siku za Jumanne. Mwanzoni alituma mtu aseme yuko safarini. Baadaye hakutuma. Wakaacha kumwambia. Yeye akawa akiketi na wazee sokoni na kusema mwethya umekufa, watu wa siku hizi kila mtu na tumbo lake, na wazee wakaitikia. Mutheu aliendelea kutoka na jembe kila Jumanne, miaka thelathini. Akirudi na udongo miguuni, mumewe humtania, "Mnamchimbia nani, nyinyi wanawake kumi na tisa?"

"Tunachimbiana," hujibu.

Uvimbe shingoni mwa Mutheu ulianza kama yai la kuku. Mwaka wa elfu mbili na nne ulipoingia ulikuwa kama ngumi ya mwanamume, na usiku pumzi yake ilipita ikikwaruza. Januari, daktari wa hospitali moja ya misheni alimshika pale, akamwambia ameze mate, akasema ni rovu, na kwamba lisipokatwa litabana koo.

"Baba Henry," Mutheu alisema walipofika nyumbani, "daktari amesema nisikae."

"Amesema pia ni pesa ngapi?"

"Amesema."

"Basi."

Mutheu alivua leso kichwani, akaikunja. Kisha akataja jambo ambalo Jeremiah alijua litatajwa. "Kimotho wa Kithimani aliitaka hii mashine. Ya kwaya ya kanisa lao."

"Nikiuza hii, tutakula nini? Tutakula kwaya?"

"Mimi nimesema tu."

"Sikiliza, mama Henry. Kuna mpango mpya. Bima ya afya ya kila mtu, maskini na tajiri. Unaingia hospitali, unatoka, huulizwi kitu. Inaanza Julai. Mheshimiwa mwenyewe amenipa kazi ya kuzunguka naye wilaya nzima kueleza watu. Mimi nitakuwa wa kwanza kujua."

"Na nani atalipa?"

"Serikali."

"Serikali ni nani?"

"Wewe nawe! Ngoja Julai. Julai ni kesho."

Mutheu alichukua sufuria akaenda jikoni. Hakuuliza tena, na Jeremiah alidhani amekubali.

Mheshimiwa huyo hakuwa mbunge wa huko. Alikuwa mtu aliyetumwa kuueleza mpango ule, mnene, mcheshi, mwenye sauti ambayo haikuhitaji spika lakini ilizipenda. Mambo yote ya pesa yalipitia kwa msaidizi wake, Antony, kijana mwembamba mwenye simu mbili alizozisikiliza kwa zamu. Antony alimwita Jeremiah "mzee wa sauti".

Mkutano wa kwanza, mwezi wa Mei, ulikuwa Syokimau. Wakati huo Syokimau ilikuwa nusu nyumba nusu nyika, na wenye magari walisikiliza wakiwa ndani, vioo vimeshushwa kidogo, kama watu wanaoogopa kuombwa kitu. Vijana wa mtaa walizingira lori la Antony lililoleta spika, wakimwita Jeremiah mbuyu, kama wanavyowaita baba zao.

"Niaje, mbuyu! Weka ngoma kwanza!"

"Hizi ni za maneno," Jeremiah aliwaambia. "Ngoma nendeni kwa mama zenu."

Walicheka, lakini hawakuondoka.

Mheshimiwa alipanda jukwaani. Akaeleza jinsi mtu wa mshahara anavyokamuliwa, kodi hapa, makato pale, na jinsi anavyomwonea huruma. "Kwa hivyo ndugu zangu wa ofisi, msishtuke. Mzigo huu si wenu peke yenu. Mkulima atachangia kutoka kwa mazao yake, mfanyabiashara atachangia kutoka kwa duka lake, na kubwa zaidi itatoka serikalini!"

Mtu aliinua mkono katikati ya watu. Jeremiah alisogea na maikrofoni, waya ukimfuata, na kabla hajafika aliona ni Henry, mwanawe wa pekee, karani wa stoo katika kiwanda cha Athi River, akiwa bado na koti la kazi. Hawakuwa wameonana tangu Krismasi. Jeremiah alimpa maikrofoni. Henry alimwangalia baba yake mara moja, kisha akaangalia jukwaa.

"Mheshimiwa, mimi niko na swali dogo. Kwa payslip yangu itatoka ama haitatoka?"

"Kijana, payslip yako itaguswa kama mbu akikugusa. Hata hutasikia."

"Mbu ndiye analeta malaria, mheshimiwa."

Watu walipiga makofi, hata ndani ya magari. Mheshimiwa alicheka kuliko wote, akahamia swali lingine.

Baadaye Henry alimsaidia baba yake kukunja waya. "Mama anaendeleaje?"

"Yuko sawa. Tunangoja Julai."

"Baba, hii kitu ya Julai..." Henry aliacha hapo. Alitoa noti moja mfukoni, akaikunja, akaitia mfukoni mwa koti la baba yake. "Niko na watoto watatu shule, baba. Usinione vibaya."

"Nani amekuona vibaya?"

Walipeana mikono kama watu waliokutana benki, na Henry akarudi zamu.

Katika njia ndefu ya kurudi, juu ya lori la Antony, Jeremiah alikuwa na jambo linalomwasha. Mkulima atachangia kutoka kwa mazao. Mkulima gani? Yeye alitoka kwa wakulima. Mahindi yao yalikuwa yamesimama shambani kimo cha goti, na majani yamejikunja kama sigara.

Nyumbani hakulisema. Alimwambia Mutheu kwamba Henry anamsalimu na kwamba mambo yanakwenda vizuri. Mutheu alikuwa ameanza kula kwa kulainisha kila kitu, viazi akiviponda mpaka vikawa kama uji, na kila tonge akilisindikiza kwa maji. Jeremiah alikula kwa haraka, kisha akaenda kukagua betri.

Mkutano wa Kithimani ulikuwa katikati ya Juni, siku ya soko. Huko kulijaa wafanyabiashara, wengi wao watu waliotoka upande wa Murang'a na Kiambu wakanunua mashamba karibu na mfereji na maduka kando ya barabara ya Garissa. Mheshimiwa alivua koti akakunja mikono ya shati.

"Wafanyabiashara ndio uti wa mgongo wa wilaya hii! Nani anaweza kuwabebesha mzigo? Hii bima, watakaokatwa ni wale wa mishahara. Wale wa Syokimau. Wale wanalala kwa nyumba za mawe na mwisho wa mwezi pesa inaingia benki kama maji ya mfereji. Nyinyi mtachangia kidogo sana, kwa hiari."

Jeremiah alikuwa ameshika kitufe cha sauti. Alijikuta ameipunguza, kisha akairudisha haraka kabla Antony hajageuka.

Kimotho, yule aliyeitaka mashine, alisimama. Alikuwa mtu mfupi mwenye kofia ya manyoya hata juani. "Mheshimiwa, mimi niko na shamba la mishiri hapo chini, haya maharagwe mabichi ya kupeleka ng'ambo. Nikiandika wamama wa kunivunia, mimi ni mwajiri ama si mwajiri?"

"Wewe ni rafiki yangu!"

"Rafiki yako atalipia hao wamama ama hatalipia?"

"Rafiki, usifikirie mambo ya mbali. Tufikirie Julai kwanza."

Kicheko kikapita sokoni. Mkutano ulipokwisha Kimotho alimfuata Jeremiah kwenye mkokoteni, akagonga ile honi kwa kucha, akasikiliza inavyolia.

"Bado huuzi, mzee?"

"Siuzi."

"Utauza. Huyu mheshimiwa wako mwaka ujao hatakuwa na maneno tena." Kisha akasema, "Lakini nyinyi watu wa Mwala mna wanawake wa kazi, sitasema uongo. Hilo kundi la mama mmoja anaitwa Katunge, juma la pili hili wako kwangu. Wanatoka huko kwenu usiku, wanafika alfajiri, wanavuna mishiri kama watu wanaofukuzwa. Na hawataki kila mtu apewe yake. Wanataka nimpe Katunge yote pamoja."

"Wamekuwa na njaa ya pesa, kama kila mtu siku hizi," Jeremiah alisema.

Kimotho alimtazama kidogo, kama mtu aliyetaka kuongeza neno. "Labda," akasema, akaenda zake.

Jeremiah hakulifikiria zaidi. Kilichomkaa moyoni ni yale mengine. Syokimau waliambiwa watalipa watu wa mashamba na maduka. Kithimani waliambiwa watalipa watu wa Syokimau. Kwa miaka thelathini alikuwa ameunganisha waya, na jambo moja alilijua kwa mikono yake: ukifuata waya huku ukaambiwa moto unatoka kule, na ukienda kule ukaambiwa unatoka huku, basi hakuna betri. Hata hivyo ilibaki Mwala. Labda mkutano wa Mwala ungelieleza. Huko ni kwao, na wa kwao hudanganywa kwa aibu kidogo. Ndivyo alivyojiambia.

Ijumaa ya mwisho ya Juni alitoka nyumbani mapema. Mutheu alikuwa ameketi kitandani, akiwa amevaa gauni lake la kanisani.

"Unaenda wapi na gauni hiyo?"

"Sijaamua."

"Leo ndiyo Mwala. Leo atataja siku yenyewe. Nitakuja na siku."

Mutheu aliweka mkono shingoni. Alipoongea, maneno yalitoka moja moja. "Enda salama, baba Henry."

Uwanja wa Mwala ulijaa. Punda walifungwa kwenye miti ya miiba, wazee wakakaa mbele kwenye viti vya shule, akina mama wakakaa chini na leso zao. Jeremiah aliangaza macho akitafuta kundi la Katunge, kwa kuwa mheshimiwa alipenda wanawake wa kuimba. Hawakuwapo. Hata mmoja. Mkutano wa afya kwa wote, na hawakuja. Alikasirika. Watu wenye shukrani kama ya paka, alijisemea, halafu kesho watakuja kuniuliza nini kilisemwa.

Mheshimiwa alivaa kofia ya majani. "Watu wangu wa Mwala! Mmeteseka! Nyinyi hamtalipa hata senti. Nasema mbele ya Mungu na mbele ya chifu. Nyinyi mna nini cha kulipa? Mbuzi hawa? Hapana! Watalipa wale matajiri wa Kithimani, wenye mfereji, na wale wa Syokimau, wenye magari. Nyinyi ni kuingia hospitali, kulala kwa shuka nyeupe, na kurudi!"

Vigelegele vilipaa. Na vilipotulia, kikongwe mmoja aliyekuwa ameketi chini mbele kabisa aliinua fimbo yake. Jeremiah alimpelekea maikrofoni, akainama kuishika kwa kuwa mikono ya mama yule ilitetemeka. Aliuliza kwa Kikamba, polepole, na karani wa chifu akatafsiri.

"Mama anauliza, hao wa Kithimani na Syokimau, wamekubali?"

"Watakubali, mama!"

"Anauliza, umewaambia?"

Jeremiah alikuwa ameinama bado, uso wake karibu na uso wa kikongwe. Yeye ndiye mtu pekee katika uwanja ule, mbali na mheshimiwa na Antony, aliyejua jibu. Alilijua neno kwa neno. Lilipita katika waya wake mwenyewe. Mheshimiwa alimtupia jicho, jicho jepesi la mtu na mtumishi wake, akasema, "Mama, hiyo ni kazi ya serikali, wewe kazi yako ni kupona!" Watu wakacheka na kushangilia. Kikongwe aliachilia maikrofoni. Hakuwa amecheka.

"Na siku?" Jeremiah alimwuliza Antony wakikunja waya. "Julai tarehe ngapi?"

"Mzee wa sauti, Julai hii haitawezekana. Mambo ya bunge. Labda mwisho wa mwaka. Lakini mikutano iko mingi, usijali, kazi yako iko."

Jeremiah aliitia betri ndani ya karai. Alipakia mkokoteni, akamgeuza punda. Njiani alifanya uamuzi uliopaswa kufanywa Januari. Angetoka usiku huo huo akalale kwa dereva mmoja wa lori, alfajiri awe Kithimani, amwachie Kimotho mashine kwa bei yoyote, na Jumatatu Mutheu awe hospitali. Aliupanga uamuzi huo vizuri, hatua kwa hatua, na akawa hata na maneno ya kumwambia mkewe, kwamba mtu anaweza kukosea.

Alikuta mlango umefungwa kwa kufuli. Jikoni mafiga yalikuwa baridi, sufuria zimeoshwa na kufunikwa. Jembe la Mutheu lilikuwa limeegemezwa ukutani, limefutwa udongo. Alizunguka nyumba akiita. Hakuna aliyejibu ila mbuzi.

Alikwenda kwa jirani, mjane aliyeitwa Nzembi, akamkuta mtoto wa mlango wa pili ndiye anayechunga kuku. Nzembi alikuwa hospitali, mtoto alisema. Wote walikuwa hospitali. Walimpitia mama Henry asubuhi kwa mkokoteni, wakamweka juu ya godoro, wengine wakatembea nyuma.

"Kina nani wote?"

"Wa mwethya."

Jeremiah alisimama uani kwa mtu mwingine, mikono ikiwa haina la kufanya. Miaka mingi alikuwa amesema umekufa. Leo ulikuwa umepita mlangoni pake na mkokoteni, na hakuambiwa.

Alifika hospitali Jumamosi saa nne, akiwa na vumbi mpaka nyusi. Wanawake sita walikuwa wameketi kwenye nyasi nje ya wodi, wengine wakisuka ukambaa wa vyondo, vikapu vyao vya kamba. Waliitikia salamu yake, wala hakuna aliyesimama. Katunge, kiongozi wao, mama wa makamo mwenye mabega mapana na firimbi shingoni, aliendelea kusokota kamba pajani.

"Habari zenu, akina mwaitu," Jeremiah alisema tena, kwa neno lile la heshima alilowaita mama zake.

"Nzuri, mzee wa spika."

"Mke wangu?"

"Amekatwa jana jioni. Daktari alisema hangefika Julai yenu. Yuko sawa. Amelala."

Jeremiah alijipangusa vumbi usoni. Aliketi kwenye ukingo wa saruji. "Na malipo? Mimi nimeamua kuuza ile mashine. Kimotho ataichukua hata leo."

"Uza ama usiuze. Imelipwa."

"Na nani?"

Katunge alimwangalia kwa mara ya kwanza. "Unauliza nani? Wewe si ndiye unazunguka ukieleza watu?" Wanawake wawili walicheka chini chini. "Imelipwa na mishiri ya Kithimani. Majuma matatu. Migongo yetu ndiyo hii, unataka kuikagua?"

"Mimi nauliza ili nijue deni letu ni kiasi gani."

"Mutheu hadaiwi. Amechimba kwa kila mmoja wetu tangu sisi wengine tuko wasichana. Kwangu amechimba matuta mimi nikiwa na uzazi wa mapacha. Hilo deni ni letu, tumelipa."

"Na mimi?"

Katunge alikata uzi kwa meno. "Wewe hatukujui," alisema, bila ukali, kama mtu anayejibu ni saa ngapi.

Alimwona Mutheu saa ya kuona wagonjwa. Shingo yake ilikuwa imefungwa bandeji nyeupe, na uso wake ulikuwa mdogo kuliko alivyouzoea. Alifungua macho. Jeremiah alivuta kiti, akakaa, akaondoa kofia, akaishika magotini.

"Kwa nini hukuniambia?"

Mutheu alimeza mate kwa shida. Sauti yake ilitoka kama karatasi inayokunjwa. "Nilikuambia Januari."

"Ningeuza. Nilikuwa nimeamua. Jana, njiani."

"Najua, baba Henry."

"Unajuaje?"

"Wewe huwa unaamua njiani." Alifunga macho tena. "Atalipa nani, walisema?"

Alitaka kumweleza yote, Syokimau, Kithimani, na yule kikongwe wa Mwala na fimbo yake. Kulikuwa na wakati ambapo angemweleza kwa kuigiza sauti za kila mmoja, na yeye angecheka mpaka ashike mbavu. "Walisema ni mtu mwingine," alijibu.

Saa ya kuondoka ilipolia, Nzembi aliingia na chupa ya chai na kikombe kimoja. Alikaa upande wa pili wa kitanda, akaanza kumpangusa Mutheu mikono kwa kitambaa, akimsimulia habari za kuku. Jeremiah alisimama kidogo na kofia yake. Kisha akatoka.

Nje aliwakuta wanapanga nani atabaki na nani atarudi. Alisimama kando mpaka walipomaliza.

"Jumanne mko wapi?" aliuliza.

Waliangaliana. 

"Jumanne tuko kwa Nzembi," Katunge alisema mwishowe. "Njia unaijua. Sisi hatukukuita, umesikia? Umeuliza, nimekujibu."

Jumanne asubuhi Antony alimtumia ujumbe kwa mtu wa baiskeli: kuna mkutano Masii, njoo na honi zote mbili. Jeremiah alimwambia yule mtu wa baiskeli aseme hakumkuta. Alichukua jembe la Mutheu, kwa kuwa lake lilikuwa limetoka mpini miaka mingi, akashuka bonde.

Walikuwa wameshaanza. Kumi na saba, kwa kuwa mmoja alikuwa amebaki hospitali na Mutheu, wamejipanga kwenye mteremko, majembe yakipanda na kushuka kwa wimbo mmoja, udongo ukitupwa juu ya ukingo. Walipomwona wimbo ulipungua, ukaendelea. Katunge alipima kwa kijiti chake cha hatua, akamwonyesha kipande cha mwisho upande wa mawe, mbali na wengine, akarudi mahali pake.

Alichimba. Mkono wa fundi wa nyaya haukumbuki haraka. Kufikia saa tatu viganja vilikuwa vimeota malengelenge, na kufikia saa tano yalikuwa yamepasuka. Wimbo aliujua. Alikuwa akiurusha kutoka kilimani, zamani. Alijaribu kuuitikia lakini alikuwa mbali mno na wengine, sauti yake ikawa inafika imechelewa, akaacha.

Adhuhuri firimbi ililia. Wanawake waliweka majembe, wakaketi chini ya mgunga alipopika Nzembi muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, wakaanza kupakua. Jeremiah alisimama ameshika mpini. Alisubiri kidogo, akijifanya anafuta jasho. Hakuna aliyemwita. Hakuna aliyemwambia aende zake, vilevile. Kipande chake kilikuwa kimebaki hatua nne kufika kwenye mwamba, na udongo wa huko ulikuwa mgumu. Akatemea viganja, na vikauma, akainama.